Somo Letu: Sauti Ikikauka, Tufanye Nini?

Leo tunajifunza juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu anacho, wala hakukinunua dukani. Kitu hicho ni sauti. Kwa sauti tunaamkia wazee. Kwa sauti tunaita watoto waje kula. Tunauza, tunafundisha, tunaimba, tunasali, tunagombana na kupatana, yote kwa sauti. Lakini ni wachache kati yetu waliowahi kujiuliza: sauti inatoka wapi? Na ikikauka, inatibiwa vipi?

Tunajua kwamba jino huoza, na jicho huingia ukungu. Sauti nayo huugua. Tiba yake ipo. Wengine hutibiwa kwa dawa, wengine kwa upasuaji. Na wako wengi wanaotibiwa kwa mazoezi tu, bila kidonge wala kisu. Mazoezi hayo huitwa tiba ya sauti, na ndiyo kiini cha somo hili.

MFANO WA WATU WAWILI

Tuchukue mfano wa watu wawili. Hatuwapi majina, maana wako wengi kama wao hapa mkoani Pwani.

Wa kwanza ni mama muuza matunda wa Mlandizi, wilaya ya Kibaha. Biashara yake iko kando ya barabara kuu iendayo Morogoro. Basi likisimama, anakimbia na sinia kichwani. "Machungwa haya! Matamu haya!" Injini inanguruma, wenzake nao wanaita, basi na yeye anazidisha. Jioni sauti inakwaruza. Asubuhi imerudi. Siku zinapita. Ikafika asubuhi moja, sauti haikurudi. Anafungua mdomo, inatoka pumzi tu. Basi linakuja, abiria wananunua kwa wenzake, basi linaondoka. Yeye kabaki na sinia lake. Na nyumbani watoto wanamngoja.

Wa pili ni mwalimu katika kijiji cha ndani huko Kisarawe, njia ya Maneromango. Darasa lake limejaa. Mvua ikipiga kwenye bati, hata yeye mwenyewe hajisikii. Mchana anafundisha watoto, jioni anawafundisha watu wazima kusoma. Ikifika Ijumaa, sauti yake ni kama mlango wenye kutu. Anajisemea, "Ni mafua tu, yatapita." Wiki ya nne sasa, hayajapita.

Majirani hawakosi ushauri. Mmoja anasema, "Kula yai bichi." Mwingine anasema, "Sukutua kwa chumvi." Wa tatu anasema, "Hicho ni kimeo, kikatwe." Kabla ya kumsikiliza jirani, tuone kwanza sauti inavyotengenezwa.

SAUTI INATOKA WAPI?

Fanya hivi sasa hivi, hapo ulipo. Weka vidole viwili mbele ya shingo yako, katikati. Sema "aaaaa". Unasikia kitu kinatetemeka? Sasa pumua tu, bila kusema. Mtetemo umekoma. Hapo ndipo nyumba ya sauti. Wengine huiita zoloto. Sisi katika somo hili tutaiita kisanduku cha sauti.

Kisanduku hicho kiko juu ya bomba la hewa liendalo mapafuni. Ndani yake mna mikunjo miwili ya nyama laini, huku na huku, mithili ya midomo miwili midogo. Tunaiita nyuzi za sauti. Kwa mtu mzima urefu wake hauzidi sana sentimita 2. Ukipumua, nyuzi hizo zinaachana ili hewa ipite. Ukitaka kusema, zinakaribiana. Hewa kutoka mapafuni inazisukuma, zinagongana na kutetemeka. Mtetemo huo ndio sauti. Kisha ulimi, meno na midomo huigeuza kuwa maneno.

Kwa hiyo sauti inataka vitu vitatu: pumzi ya kutosha, nyuzi zenye afya, na shingo isiyokazana. Kimoja kikiharibika, sauti inaharibika.

Sasa tupige hesabu kidogo. Mwanamke akisema kwa kawaida, nyuzi zake hugongana kama mara 200 kwa sekunde moja. Mwanamume, ambaye nyuzi zake ni ndefu na nene zaidi, ni kama mara 100 na kidogo. Chukua 200, zidisha kwa sekunde 60. Unapata mara 12,000 kwa dakika. Zidisha tena kwa dakika 60. Unapata mara 720,000 kwa saa moja ya kutoa sauti bila kupumzika. Na mtu akipaza sauti, nyuzi hugongana kwa nguvu zaidi na kwa haraka zaidi. Sasa mwangalie yule mama wa Mlandizi, anayeita tangu asubuhi hadi magharibi. Kweli nyuzi zake zitasalimika?

SUGU YA KOO

Mkulima anajua jambo hili. Ukikaa muda mrefu bila kulima, kisha ukashika jembe kutwa nzima, unatoka malengelenge viganjani. Ukipumzika, yanapona. Usipopumzika, ngozi inakuwa ngumu, unapata sugu.

Nyuzi za sauti nazo ni hivyo hivyo. Zikigongana kwa nguvu kila siku, zinavimba. Mtu akinyamaza kidogo, uvimbe unashuka, sauti inarudi. Asiponyamaza, panaota vinundu vidogo, huku kimoja na huku kimoja, pale zinapogongana sana. Vinundu hivyo ndiyo sugu ya koo. Vinazuia nyuzi zisikutane vizuri. Hewa inavuja katikati, kama mlango uliowekewa jiwe. Ndiyo maana sauti inakuwa na mikwaruzo na pumzi nyingi.

Wanaopata sana vinundu ni wale ambao kazi yao ni koo: walimu, wachuuzi, wapiga debe wa stendi, waimba kwaya, wahubiri, na wanawake wenye watoto wengi wa kuwaita. Hata watoto wenyewe wapiga kelele hupata. Na hapa kwetu Uzaramoni tusimsahau manju, yule aongozaye nyimbo katika ngoma mpaka kunakucha.

SABABU NYINGINE

Si kila sauti iliyokauka ni sugu. Sababu ni nyingi. Hizi hapa baadhi yake:

1. Mafua na kikohozi. Nyuzi zinavimba kwa siku chache. Mara nyingi hupona zenyewe katika wiki moja au mbili.
2. Tumbaku, pamoja na moshi wa kuni na vumbi. Vyote hivi hukausha na kuwasha koo. Pombe kali nayo ni hivyo hivyo.
3. Kiungulia. Uchachu wa tumbo hupanda usiku mpaka kooni, ukaunguza nyuzi.
4. Kifua kikuu. Ugonjwa huu unaweza kuingia hata kwenye kisanduku cha sauti.
5. Mshipa wa fahamu uliodhurika. Kwa mfano, baada ya upasuaji wa rovu, uzi mmoja unaweza kupooza.
6. Saratani ya koo. Huwapata zaidi wavutaji wa tumbaku, hasa wakiwa pia wanywaji wa pombe.
7. Mshtuko na huzuni. Hili tutalieleza mbele.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usijipimie mwenyewe. Sauti iliyokauka kwa sababu ya kelele na ile iliyokauka kwa sababu ya saratani zinafanana masikioni. Anayeweza kuzitenganisha ni daktari aliyeangalia ndani.

KIMEO HAKITENGENEZI SAUTI

Fungua mdomo mbele ya kioo. Nyuma kabisa utaona kinyama kidogo kinaning'inia. Hicho ndicho kimeo, wengine wanakiita kilimi. Kila mtu anacho. Si ugonjwa.

Huku Pwani wako wanaoamini kwamba kikohozi na koo kuwasha vinaletwa na kimeo kirefu. Wanawapeleka watoto, hata wachanga, wakakatwe. Jambo hili ni la hatari. Mtoto anaweza kutoka damu nyingi. Anaweza kupata pepopunda au uchafu kuingia katika damu. Wembe uliotumika kwa watu wengi unaweza kuambukiza virusi vya ukimwi na homa ya ini. Wako watoto waliopoteza maisha kwa sababu hiyo.

Na zaidi ya hayo, kimeo kiko juu, mdomoni. Kisanduku cha sauti kiko chini, shingoni. Kukata kimeo ili kutibu sauti ni sawa na kung'oa mlango ili kutibu paa linalovuja.

Na lile yai bichi je? Nalo halifiki huko. Tukimeza kitu, kisanduku cha sauti hujifunga ili chakula kisiingie mapafuni. Yai, asali, na maji ya chumvi hupita njia ya chakula. Asali inaweza kutuliza kikohozi, lakini haigusi nyuzi. Na mafuta ya taa yasiguswe kabisa. Yakiingia mapafuni yanaua.

LINI TWENDE HOSPITALI?

Kata kipande hiki ukibandike ukutani:

Sauti ikikwaruza au kupotea zaidi ya wiki 3, nenda ukachunguzwe, hata kama huumwi.

Usingoje wiki 3, nenda mara moja, ukiona mojawapo ya haya: unapumua kwa shida au kwa kukoroma ukiwa macho, unakohoa damu, chakula hakipiti, una uvimbe shingoni, unakonda bila sababu. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa za jioni na jasho la usiku ni dalili za kifua kikuu. Nenda ukapimwe makohozi. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure hapa Tanzania.

Na mtoto mdogo ambaye sauti yake inakwaruza siku zote, na anapumua kwa kelele, apelekwe hospitali. Wengine huambiwa ni pumu, kumbe kuna vivimbe vinavyoota ndani ya kisanduku cha sauti na kuziba njia ya hewa.

Njia ya kwenda ni ile ile ya kila siku. Anza zahanati au kituo cha afya. Ukiwa Kisarawe, hatua inayofuata ni hospitali ya wilaya. Ukiwa Kibaha, iko Hospitali ya Tumbi, ambayo ni hospitali ya rufaa ya mkoa wetu. Ikihitajika utapewa barua ya rufaa kwenda Muhimbili, Dar es Salaam, kwa madaktari wa masikio, pua na koo. Ikithibitika ni saratani, iko Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, huko huko Dar es Salaam. Saratani ya nyuzi za sauti ikigunduliwa mapema, wengi wanapona. Ikichelewa, kisanduku chote huweza kuondolewa. Tofauti kati ya hayo mawili mara nyingi ni miezi michache ya kusema "yatapita".

DAKTARI ANAONAJE NDANI?

Hapa kuna kisa kizuri. Zamani hakuna aliyekuwa ameona nyuzi za sauti za mtu aliye hai zikifanya kazi vizuri. Aliyefungua njia hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa kuimba, Mhispania aitwaye Manuel García. Mwaka 1854 alichukua kioo kidogo cha daktari wa meno chenye mpini mrefu, akakiingiza nyuma ya koo lake mwenyewe. Kwa kioo kingine mkononi alimulika mwanga wa jua ndani. Akaona nyuzi zake zikifunguka na kufunga. Mwaka 1855 aliwaeleza wataalamu wa London habari hizo. Alifariki mwaka 1906 akiwa na umri wa miaka 101.

Kioo cha namna hiyo bado kinatumika. Siku hizi pia kuna mpira mwembamba wenye kamera ndogo nchani, unaopitishwa puani. Unasumbua kidogo, lakini si upasuaji, na humalizika kwa muda mfupi. Usiuogope.

TIBA YA SAUTI NI NINI?

Tuseme yule mama wa Mlandizi amechunguzwa. Ameonekana na vinundu. Je, vikatwe? Mara nyingi, hapana, si kwanza. Ukikata sugu ya mkono kisha ukarudi kushika mpini vile vile, sugu inarudi. Vinundu navyo ni hivyo. Kwa hiyo kinachotangulia ni kubadili namna ya kutumia sauti. Anayefundisha jambo hilo ni mtaalamu wa tiba ya usemi na sauti.

Mazungumzo yao yanaweza kuwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Sauti yenyewe ndiyo hii, unaisikia."

"Pole sana. Hebu nieleze, kwa siku unaita abiria kwa muda gani?"

"We mwanangu! Tangu saa kumi na mbili asubuhi. Basi moja likiondoka, jingine limefika."

"Na maji je, unakunywa?"

"Nikinywa maji, nani atashika sinia nikienda chooni? Nakunywa jioni."

"Na hapo ulipokohoa sasa hivi, ulikuwa na makohozi?"

"Hapana. Nasafisha koo tu."

"Basi mama, hapo tumeanza kupata kazi. Tangu umekaa hapa umesafisha koo mara nyingi. Kila ukifanya 'hhm-hhm', nyuzi zinapigana. Ukisikia kitu kimekwama, meza mate, au piga funda la maji."

"Hilo tu? Hakuna sindano?"

"Hakuna sindano, mama. Dawa yako ni mazoezi, na wa kuimeza ni wewe mwenyewe kila siku."

Mara nyingi mgonjwa humwona mtaalamu mara moja kwa wiki, kwa wiki 6 hadi 8 hivi. Katikati anafanya mazoezi nyumbani, dakika 5 au 10, mara kadhaa kwa siku. Ni kama kisomo. Mwalimu anakuonyesha herufi, lakini kuandika unajifunza kwa kuandika.

Ukweli ni kwamba wataalamu wa fani hii bado ni wachache sana nchini mwetu. Jirani zetu wa Uganda walianza kuwasomesha katika Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2008. Kwa hiyo ukimpata mtaalamu, yashike vizuri anayokufundisha. Na kama ni mbali, muulize daktari wa koo ni mazoezi gani yanakufaa ukiwa nyumbani.

MAZOEZI MATANO

Mazoezi haya ni mepesi, na hutumika sehemu nyingi duniani. Lakini kumbuka: kama sauti imekauka zaidi ya wiki 3, kachunguzwe kwanza. Na zoezi lolote likileta maumivu, acha.

La kwanza: kulegeza shingo. Kaa wima. Inua mabega mpaka karibu na masikio, kisha yaachie. Mara 5. Geuza kichwa polepole kulia, kisha kushoto. Acha taya ining'inie. Shingo iliyokazana huikaba sauti.

La pili: pumzi ya tumbo. Weka mkono tumboni. Vuta hewa kwa pua, tumbo lisukume mkono nje. Mabega yasipande. Toa hewa polepole ukisema "sssss". Mtwangaji hasukumi mchi kwa vidole, anatumia mwili mzima. Msemaji naye asisukume sauti kwa koo, bali kwa pumzi.

La tatu: mwayo. Piga mwayo, na wakati wa kutoa hewa teremsha sauti polepole, "haaaa", kama mtu aliyetua mzigo. Koo linafunguka.

La nne: kuguna. Funga midomo bila kuibana. Sema "mmmm" kwa sauti ndogo, kama unayemkubalia mwenzio. Tafuta mtetemo midomoni na puani, si kooni. Ukishaupata, ongeza neno: "mmmama", "mmmaji", "mmmchungwa".

La tano: mrija. Chukua mrija wa soda na glasi ya maji. Zamisha ncha kama sentimita 2 ndani ya maji. Puliza polepole huku ukitoa sauti "uuuu", mapovu yatoke taratibu. Mapovu yanasukuma hewa irudi nyuma kidogo, na kwa kufanya hivyo nyuzi zinatetemeka bila kugongana kwa nguvu. Watoto wetu hupuliza bua la jani la mpapai. Wewe usitumie hilo, utomvu wake unawasha. Tumia mrija safi.

MINONG'ONO SI MAPUMZIKO

Wengi sauti ikikauka huanza kunong'ona. Wanadhani wanapumzisha koo. Kumbe wengine wakinong'ona hukaza koo hata zaidi. Ni afadhali kusema kwa sauti ndogo ya kawaida, maneno machache, ukiwa karibu na mtu. Au unyamaze kabisa kwa muda.

Hapa ndipo mtu aliyejifunza kusoma na kuandika ana faida yake. Baada ya upasuaji wa nyuzi za sauti, daktari anaweza kukuamuru unyamaze kwa siku kadhaa. Asiyejua kuandika atawezaje? Atapunga mikono, atakasirika, mwisho atasema tu. Wewe unachukua daftari na kalamu. Unaandika, "Naomba maji." Unaandika, "Bei ni ile ile." Kalamu inakuwa sauti yako mpaka sauti yenyewe ipone.

MTU ALIYEPOTEZA SAUTI KWA HUZUNI

Tulisema tutarudi hapa. Kuna mtu hupatwa na msiba au hofu kubwa, akaamka hana sauti kabisa. Watu wanasema karogwa, au ana jini. Wengine wanasema anajifanya. Hajifanyi, na nyuzi zake ukiziangalia ni nzima. Ila mwili umesahau njia.

Msikilize akikohoa au akicheka. Mara nyingi utasikia sauti kamili. Mtaalamu huanzia hapo hapo. Anamwambia akohoe, kisha aendeleze kikohozi kuwa "aaa", kisha kuwa neno. Wako wanaorudiwa na sauti siku hiyo hiyo. Lakini ule msiba nao unataka kusikilizwa, usije ukarudi kukaba koo. Mtu huyu asipigwe, asichekwe, wala asinyweshwe vitu visivyojulikana.

TIBA HII INAWEZA NINI, HAIWEZI NINI?

Tusidanganyane. Mazoezi hayatibu saratani. Hayatibu kifua kikuu. Hayaondoi vile vivimbe vya watoto. Hayo yanataka dawa, mionzi au upasuaji.

Lakini mazoezi husaidia sana mwenye vinundu na yule aliyechosha koo kwa kazi. Humsaidia mwenye uzi mmoja uliopooza, ule mzima ukajifunza kufanya kazi na mwenzake. Humsaidia kijana aliyebalehe ambaye sauti yake imebaki ya kitoto. Hata yule aliyeondolewa kisanduku chote cha sauti kwa saratani anaweza kufundishwa kusema kwa njia nyingine, kwa kutumia hewa ipitayo kwenye umio wa chakula.

KINGA

Kinga ni bora kuliko tiba. Tukumbuke haya:

1. Kunywa maji kidogo kidogo kutwa nzima. Katika mwezi wa Ramadhani, kunywa ya kutosha kati ya futari na daku.
2. Msogelee unayesema naye. Usimwite mtoto aliye ng'ambo ya shamba. Piga kengele, piga kopo, au piga makofi.
3. Mwalimu apige makofi au kengele ili darasa linyamaze, kisha ndipo aseme. Mvua ikipiga bati, na waandike.
4. Wachuuzi washikane. Leo aite mmoja kwa niaba ya wote, kesho mwingine. Au bei ziandikwe kwenye kibao kwa herufi kubwa. Abiria anasoma dirishani.
5. Kipaza sauti kikipatikana, kitumike, hata kile kidogo cha kuvaa kiunoni.
6. Acha tumbaku. Jiko lipate mahali pa kutolea moshi.
7. Mwenye kiungulia ale mapema, saa 2 au 3 kabla ya kulala.
8. Ukiwa na mafua, usiimbe wala usipige kelele.

TUMALIZIE

Mwaka 1973 nchi yetu ilikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Karibu watu milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Walijifunza kwa sauti, na wakatenda kwa mikono. Somo hili nalo lifanywe hivyo. Lisome kwa wenzako ambao macho yao yamechoka. Na kila mwaka tarehe 16 Aprili ni Siku ya Sauti Duniani, siku iliyoanzia Brazili mwaka 1999. Kikundi chenu kinaweza kuichagua siku hiyo kwa mjadala huu.

Na mama wa Mlandizi? Tuseme amefanya mazoezi yake. Baada ya miezi miwili vinundu vimepungua, sauti inarudi. Sasa ana kibao mkononi: MACHUNGWA MATAMU, na bei chini yake. Basi likija anakiinua. Bado anaita, lakini mara moja tu, kwa pumzi ya tumbo. Jioni akifika nyumbani, anayo sauti ya kuwasalimia watoto wake.

MANENO YA KUKUMBUKA

Kisanduku cha sauti (zoloto): mahali shingoni panapotengenezwa sauti.
Nyuzi za sauti: mikunjo miwili inayotetemeka tukisema.
Vinundu: uvimbe mdogo, kama sugu, kwenye nyuzi za sauti.
Kimeo (kilimi): kinyama kinachoning'inia nyuma ya mdomo. Si ugonjwa.
Rufaa: kutumwa kutoka hospitali ndogo kwenda kubwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Sauti inataka vitu gani vitatu?
2. Kwa nini yai bichi haligusi nyuzi za sauti?
3. Katika kijiji chetu, ni kazi zipi zinazochosha koo? Tufanye nini kuzipunguzia kelele?
4. Je, yuko mtu tunayemjua ambaye sauti yake imekwaruza zaidi ya wiki 3? Nani kati yetu atakwenda kumshauri, na lini?
5. Andika sentensi tatu utakazotumia kama daktari atakuamuru unyamaze siku saba.